Tepu ya Baba Lévi

Ernestine alikuwa amepiga magoti katikati ya uwanja wa mpira wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, tepu ya kushonea mkononi, vumbi limempaka hadi kwenye nyusi. Waliokuwa wanakwenda kuchota maji walisimama kumcheka.

"Mama Lévi, uwanja unaushonea suruali ama kanzu?"

"Nyinyi endeni na ndoo zenu," alijibu bila kuinua kichwa.

Aliilaza tepu kwa mara ya ishirini na sita, akaongeza mita moja, akachomeka kijiti. Mita arobaini. Alipotazama nyuma alikiona kijiti cha Bucumi, kile alichokichomeka asubuhi kwa kuhesabu hatua. Kilikuwa kimebaki nyuma karibu mita mbili nzima.

"Umeona, coach?" akamwambia. "Njia ya mwongo ni fupi."

Bucumi, Mrundi aliyewafundisha vijana wa kambi bila malipo, alijikuna shingo. Kwenye njia yake, Lévi mtoto wa Ernestine alikuwa amekimbia kwa sekunde tano nukta tatu kamili. Na hiyo ndiyo namba aliyoitaka kocha wa Lilongwe. Yule bwana alikuwa anatafuta winga mmoja, na kambini hakuwa na muda wa kuja. Aletewe namba tu: mita arobaini, sekunde tano nukta tatu au chini yake. Atakayefaulu atatumiwa barua ya kumtoa kambini, atapewa kitanda, mazoezi na mshahara. Lakini alionya pia kwamba amechoka kuletewa uongo. Atakayetumwa atapimwa upya siku ya kwanza, na akionekana ametumwa kwa namba ya kupikwa, karatasi ya Dzaleka haitafunguliwa tena.

"Mama Lévi, mi kwetu Ruyigi nilikuwa ninapima mashamba ya batu kwa hizi hatua," Bucumi alisema. "Hakuna hata moja aligombana na jirani."

"Na hii je?" Ernestine aliinua tepu. "Hii ni ya marehemu. Uliza kambi nzima ni nani alinirudishia nguo."

Hapo alisema kweli tupu. Tepu ile ilikuwa ya mumewe, fundi cherehani wa Bukavu, Kongo, na ndicho kitu pekee alichotoka nacho siku ya kukimbia. Kwa tepu hiyo hiyo alimkaza Lévi mgongoni, juu ya kitenge, wiki baada ya wiki, njia nzima, na mtoto mwenyewe alikuwa mnene jamani, kila saa anaivuta na kujinyonganyonga. Hadi leo kila aliyepimwa kwayo kambini alivaa akapendeza. Waliowahi kulalamika ni wanakwaya wa mteja wake Sabine tu, kule Mchesi, Lilongwe, waliojipima wenyewe wakatuma vipimo kwenye karatasi. Kanzu zote kumi na mbili ziliwapwaya. Ernestine alicheka sana. "Walijipima wameshiba," alisema, "wakavaa na njaa."

Lévi alikuja akiwa peku, viatu amevining'iniza shingoni.

"Mama, tuache kijiti cha coach. Nani atajua?"

"Mi nitajua. Na yule wa Lilongwe akikupima mwenyewe atakufukuza kama mwizi. Unataka aibu hiyo? Vaa viatu."

Alikimbia mara tatu. Tano nukta tano. Tano nukta tano. Tano nukta sita. Mara ya tatu alijitupa chini, akafunika uso kwa jezi, na mgongo wake ulikuwa unatikisika.

Bucumi aliitazama saa ya simu yake, akamtazama mama. "Namba ni namba. Lakini macho yangu yanaona winga. Niandike tano nukta tatu?"

Ernestine alitamani kusema ndiyo. Haki ya Mungu, alitamani. Neno lilimfika hadi kwenye meno.

"Andika vile iko," alisema.

Jibu lilikuja Ijumaa kwenye simu ya Bucumi: "Mzito huyo. Nimepata mwingine."

Lévi hakulia tena. Viatu alimgawia mtoto wa jirani, akaenda kufanya ganyu upande wa Madisi, kulima tumbaku ya watu kwa kutwa. Hata kabla hajaondoka, mpira ulipopita mlangoni aliugeuzia mgongo. Majirani walimwambia Ernestine alimfunga mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe, naye aliwajibu kwamba heri mtoto maskini kuliko mtoto mwongo. Alisema hivyo mchana. Akishafunga mlango aliomba Mungu amwonyeshe alikosea wapi, maana roho ilimuuma, ilimuuma kweli.

Baada ya miezi mitatu Lévi alirudi, viganja vimechubuka, na kifurushi kidogo mfukoni.

"Mama, nimekuletea. Ile ya marehemu papa namba zimeanza kufutika."

Ilikuwa tepu mpya, ya njano, bado inanuka duka. Ernestine alimshukuru, akamwombea baraka, Lévi akatoka nje kunawa miguu. Mama akaona azilinganishe, ajue namba zipi zimefutika. Akazilaza zote mbili kwenye meza ya cherehani, mwanzo kwa mwanzo, akazinyoosha kwa kiganja.

Tepu mpya iliishia kwenye mia moja hamsini. Ile ya marehemu nayo iliishia kwenye mia moja hamsini, lakini vidole vinne mbele ya ile mpya.

Ernestine akapiga magoti sakafuni. Akalaza vidole vinne, akavisogeza, akavilaza tena. Alikuwa anafikisha mara ya ishirini na sita, karibu mita mbili, Lévi aliporudi mlangoni.

"Mama," akauliza, "unapima nini?"