Nyumba ya Ukuta Mmoja

Nyumba ya Marcellin ilikosa ukuta tena.

Victorine aliufuta mchoro ule wa mkaa kwa kiganja. "Baba Louise, hata kuku anayeparua uani anakushinda."

"Basi unionyeshe, mama Louise. Niangalie mukono yako."

Zilibaki siku sita kabla ya kipimo, na nne zilikuwa za njia. Muuguzi wa malale alikuwa amepita Kabambare akipapasa watu shingo kutafuta tezi zilizovimba, akaacha kikaratasi nyumbani kwao. Victorine hakujua kusoma. Marcellin ndiye aliyemweleza: mgonjwa ni yeye, Marcellin, anaitwa dispensari ya Kasongo. Huko daktari atamwekea picha ya nyumba aiige. Akishindwa, basi ugonjwa umepanda kichwani: macho yanaiona nyumba, lakini njia ya kutoka machoni kwenda mkononi imekatika. Watu wa namna hiyo hupelekwa lazareti, kambi ya kutenga wagonjwa. Kutoka Kabambare walikuwa wamekwenda kumi na mmoja. Hakuna aliyerudi.

Na Louise alikuwa hajaota hata jino moja.

Dalili Victorine alikuwa akiziona mwenyewe. Tangu mvua zianze, mume wake alitwanga sombe, majani ya muhogo, na kupika. Alimnyang'anya kisu. Alibeba mtoto kutwa nzima, hakutaka mtu amguse. Mwanamume hawi hivyo kichwa chake kikiwa kizima.

Victorine akashika mkaa. "Tazama. Ukuta huu. Ukuta huu. Paa. Mulango katikati. Iko ugumu gani hapo?"

Marcellin aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka, akayafuta begani.

"Rudilia," alisema. "Polepole. Miye nachelewa kushika."

Victorine akarudia mara ishirini, mara thelathini, mpaka vidole vikawa vyeusi. Marcellin alilia zaidi kila mara. Usiku Victorine alimwomba Mungu amwazime mume wake mkono wake mwenyewe, kwa siku ile moja tu.

Kasongo walifika miguu imevimba. Daktari alikuwa ameshaweka picha, karatasi na penseli mezani. Victorine alimsukuma mumewe taratibu. "Nenda, baba. Usitetemeke."

Muuguzi alikisoma kikaratasi, akaita jina la Victorine, kisha akaliita tena.

Marcellin, mtoto kifuani, alivuta kiti, akamkalisha mke wake, akamtia penseli mkononi.