Sentimita Tatu

Mpira wa maji wa kupimia usawa unataka watu wawili, mmoja kila ncha. Alfonsi alikuwa peke yake, kwa hiyo ncha ya pili, ambayo siku zote ilishikwa na mkewe, aliifunga kwenye kigingi.

"Umeshika?" aliuliza kwa mazoea, akangoja kidogo.

Maji yalipotulia ndani ya mpira, akachora alama kwa chaki. Kibaraza alichotaka kukijenga kingeshuka sentimita tatu kutoka mlangoni hadi ukingoni. Maji ya mvua za masika yasingetuama. Akaifuata kwa macho njia ya maji: yangepita penye mchaichai, yaishie kwenye kaburi la mkewe, ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikana. Kushoto na kulia kulikuwa na kuta za majirani.

Akaifuta alama ya ukingoni kwa kiganja. Akaichora upya, sentimita tatu juu ya ile ya mlangoni.

Jirani aliyekuwa akianua nguo alichungulia juu ya ukuta. "Shikamoo, mzee. Hapo si umegeuza? Maji yote yatakuingilia ndani."

"Marahaba, mwanangu. Najua."

Akachagua matofali manne, akaingia nayo chumbani kuinulia kitanda.