Kilemba cha Viazi

Gunia la Sekela lilikuwa limejaa hadi mdomoni, naye akaanza kulishona. Dalali akacheka.

"Mama, mbona unashona? Kilemba kiko wapi?"

Kilemba ni vile viazi vya ziada, debe zima, ambavyo kila mkulima hutakiwa kuviongeza juu ya gunia lililojaa na kuvifunga kwa wavu, huku bei ikibaki ileile.

"Kilemba tumekipika jana," Sekela akasema. "Watoto wamekula."

"Basi watakula na hilo gunia lote. Lori hili likiondoka, jingine wiki ijayo."

Sekela alilijua hilo. Viazi vilishaanza kuchipua, na nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Hata hivyo akavuta uzi, akapiga fundo, akaukata kwa meno.

Dalali akageukia gunia la jirani wa Sekela, Anangisye, lenye kilemba kirefu kama kawaida.

"Afadhali wewe mzee una akili. Haya, pakia."

Anangisye alifungua wavu, akaanza kuvishusha viazi kapuni, kimoja kimoja, huku injini ya lori ikinguruma.