Kucha za Mama Mkwe

Eliwaza aliinama kumkata mama mkwe wake, Bi Ndeshi, kucha za miguu. Mgongo ulimuuma kwa kufua mashuka ya mzee huyo, yuleyule aliyemfukuza zamani kwa kuwa hakuzaa. Alirudi mwenyewe aliposikia mzee kabaki peke yake.

“Wanangu wa kuzaa wamenikimbia,” Bi Ndeshi alisema. “Wewe unakaa kwa nini?”

“Sijui, mama. Nimechoka hata kufikiri.”

“Unadhani Yesu bado ananipenda, mimi huyu?”

Eliwaza aliuweka mguu ule pajani pake, akaendelea kukata polepole asimwumize.

Mkono mkavu ukashuka kichwani mwake. Hakujua kama mzee anambariki au anajishikiza asianguke. Akabaki vilevile, ameinama.