Awamu ya Pili

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," muuza viatu alimwambia jirani yake, fundi cherehani. "Nani alimng'ang'ania mhandisi wa barabara aanze kuchimba mlangoni kwako?"

"Nilidhani anayechimbiwa kwanza ndiye anayetengenezewa kwanza."

Kumbe matofali yalianza kupangwa kutoka mwisho mwingine wa barabara ya maduka, na fedha za awamu ya kwanza zikaishia kizingitini kwa muuza viatu.

Fundi alitazama mtaro mlangoni pake. Ndala ya mteja wake wa mwisho bado ilielea kwenye maji ya kijani.

"Haya, wewe uliyekwenda kwenye mkutano wa barabara leo. Awamu ya pili lini?"

Muuza viatu aliburuta ubao, akaulaza juu ya mtaro.

"Wameifuta, dada. Funga duka, vuka uje tule."