Samaki wa Ushahidi

Mkaguzi alikuwa ameshafunga utepe kwenye mlango wa chumba cha baridi, mwenye duka alipomnong'oneza mkewe akachemshe mafuta.

"Nikaangie samaki mmoja. Yule wa kwenye friji ya nyumbani, ndiye mnono. Nitamla hapa hapa, kila mtu aone."

Mkewe alivuka ua, akapita kando ya katoni moja ambayo wakaguzi waliifungua na kuiacha nje. Mtaji wao wote ulikuwa kwenye zile katoni zilizotoka ng'ambo. Majibu ya maabara yalikwishasomwa kwa sauti: samaki wametiwa dawa ya kuhifadhia maiti, na sheria ya usalama wa chakula inataka mzigo wote ukamatwe, uteketezwe. Majirani walisikia. Muuza mkaa, ambaye jana tu alinunua wawili, alikuwa pembeni anatema mate, na wengine wakinong'ona kuwa lisemwalo lipo.

Mke hakuamini hata neno moja. Mumewe alikuwa mtu wa msimamo. Hata nyumbani hakuruhusu samaki wa duka waingie chunguni, mali ya biashara haichezewi. Leo mtu kama huyo anaitwa muuaji! Alikaanga huku machozi yakimtoka, na wala haukuwa moshi.

Aliporudi na sahani, watu walisogea karibu. Mkaguzi alimwonya mwenye duka kwamba tumbo si maabara. Yeye akacheka, akanawa, akala. Alikula bila pupa, akamaliza minofu, akavunja kichwa na kukifyonza mpaka macho.

"Haya," alisema, akiusukuma mwiba pembeni. "Muuza sumu gani anakula sumu yake?"

Watu wakapiga makofi. Mkaguzi alijikuna kidevu, akampigia simu mkubwa wake, wakasemezana kwa muda. Mwishowe akatangaza kwamba itachukuliwa sampuli nyingine, na mzigo hautachomwa mpaka majibu yatoke.

Mke alihisi roho yake imerudi mahali pake. Alimsogelea mumewe, akamnong'oneza kwa fahari.

"Yule wa nyumbani nimemwacha, mume wangu. Wangesema tumewachagulia. Huyu nimemtoa kwenye katoni waliyoifungua wenyewe."

Mwenye duka aliitazama sahani tupu. Kisha, mbele ya mkaguzi, majirani na wateja wake wote, akainama, akajitia vidole kooni.