Mzuka wa Wifi

Siku hizi ugomvi wa nyumbani huamuliwa kwa mchezo wa midundo kwenye runinga: ukikosa kubonyeza mishale inayopita unanyamaza, na ukiitwa mchezoni huruhusiwi kukataa. Tunu alichoka kunyamazishwa na wifi yake, Mwanahawa, jikoni kwake mwenyewe. Akapakua toleo lililochakachuliwa na mashabiki, lenye mzuka anayemnyang'anya sauti anayeshindwa.

"Leo utaufyata, mdomo cherehani wewe!" Tunu akamwita wifi yake mchezoni.

Mzuka alipochomoza, Mwanahawa alishtuka, akakosa mishale. Akafumbua kinywa, sauti haikutoka. Tunu akacheka, akainjika wali.

Maji hayajachemka, runinga ikawaka yenyewe. Mzuka akasema kwa sauti ileile ya Mwanahawa, "Wifi, huo wali utatoka bokoboko tena. Njoo tucheze."

Mwanahawa akamsogezea Tunu rimoti, akitabasamu. Mzuka hajawahi kukosa mshale.